Miungu wa Homer na Lawama za Wanadamu



Liko neno katika Kiswahili ambalo limekwisha kuwafaa wengi mbele ya wazee na mbele ya mahakimu: shetani alinipitia. Mweka hazina amekula fedha za kikundi. Akibanwa huinamisha kichwa na kusema, shetani alinipitia. Mume amempiga mkewe hata akamvunja jino. Asubuhi, mbele ya wakwe, husema lilo hilo. Hatukusudii kuwadhihaki wasemao hivyo. Neno lenyewe lina uzito wake, kwani msemaji hakani tendo. Anakiri kwamba mkono uliotenda ni wake. Asichokielewa ni jinsi mkono ule ulivyomponyoka. Swali ambalo tungependa kulitafakari pamoja Dominika hii ni dogo tu: akisha kulisema neno hilo, kinafuata nini?

Tumeona vema kulitafuta jibu mbali na nyumbani, katika tenzi mbili za Wagiriki wa kale, Iliad na Odyssey. Tangu zamani zimehesabiwa kuwa kazi ya mshairi mmoja, Homer, ingawa wataalamu hawajaacha kubishana kama alikuwa mmoja au wengi. Aghalabu hukisiwa kwamba zilipata umbo lake karibu na karne ya 8 kabla ya Kristo. Ya kwanza ina mistari zaidi ya 15,000, ya pili zaidi ya 12,000, nazo ziliimbwa kabla ya kusomwa. Msikilizaji wa pwani aliyezoea tenzi, ambamo mtunzi huanza kwa kumtaja Mungu na kuagiza wino na karatasi, hatashangaa akisikia kwamba Homer naye huanza kwa dua: humwomba mungu wa kike wa utunzi amsimulie kisa.

Huenda mtu akauliza, miungu wa kipagani wanatafuta nini katika mahubiri ya Dominika? Tumjibu kwa Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 14. Paulo alipomponya kiwete katika mji wa Listra, watu walipaza sauti wakisema kwamba miungu wamewashukia katika sura ya wanadamu. Barnaba wakamwita Zeus, na Paulo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji, wakamwita Hermes, mjumbe wa miungu. Kuhani wa Zeus akaleta mafahali na mashada ya maua, na mitume wakararua mavazi yao kwa uchungu. Watu wale walikuwa na picha vichwani mwao kabla Paulo hajafika: picha ya miungu watembeao njiani kwa sura ya wageni. Picha hiyo ni ileile ya Homer. Injili haikupandwa katika shamba tupu. Naye Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliwaandikia vijana jinsi ya kuvisoma vitabu vya Wagiriki, akawashauri wafanye kama nyuki, wachukue yenye kufaa na kuyaacha mengine. Basi nasi tufanye hivyo.

Iliad huanza na ugomvi. Wagiriki wamo katika mwaka wa 10 wa vita vyao dhidi ya mji wa Troya. Kiongozi wa majeshi yao, mfalme Agamemnon, anaye mateka, binti wa kuhani wa mungu Apollo. Baba anakuja kambini na fidia tele kumkomboa mtoto wake, naye anafukuzwa kwa maneno makali. Apollo anashusha tauni. Kwa siku 9 mishale yake inaanguka kambini, ikianza na nyumbu na mbwa, kisha watu. Agamemnon analazimika kumrudisha binti yule, lakini hakubali kubaki mikono mitupu: anamnyang'anya shujaa Achilles mateka wake, mwanamke aitwaye Briseis. Tuliweke jina hilo akilini.

Achilles anashika upanga. Yuko katikati ya kuuchomoa, na aliye mbele yake ni mfalme. Hapo Athena anashuka kutoka mbinguni, anasimama nyuma yake na kumshika nywele. Hakuna mwingine amwonaye. Achilles anageuka na kumtambua mara moja, kwa macho yanayong'aa kwa kutisha. Sasa tusikilize vizuri anavyosema Athena, kwa maana hapa pana jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Anasema amekuja kuizuia hasira yake, kama atakubali kumtii. Kama atakubali! Mungu aliyemshika mtu nywele bado anamwambia "kama." Achilles anajibu kwamba yafaa kuwatii miungu hata moyo ukiwa umejaa hasira, anausukuma upanga, unarudi ndani ya ala.

Nani aliyeuzuia upanga ule? Homer asingetuelewa tukimtaka achague mmoja. Athena aliuzuia, na Achilles aliuzuia. Tendo ni moja, wenyewe ni wawili. Msomi E. R. Dodds, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya Wagiriki na mambo yapitayo akili, aliieleza tabia hii ya watu wa Homer, ya kukipa kitendo kimoja chanzo maradufu, cha mungu na cha mtu, bila kimoja kukifuta kingine. Sisi tuliozoea kugawa mambo kwa mizani, nusu ya huyu na nusu ya yule, twapata shida hapo. Wao waliona yote ni ya mungu, na yote ni ya mtu.

Lakini si kila mara mungu huja kuzuia. Mara nyingine huja kuchochea, na hapo ndipo Mkristo hukunja uso. Katika kitabu cha 4 majeshi mawili yamekwisha kula kiapo cha kusimamisha vita. Miungu hawataki vita viishe hivyo. Athena anachukua sura ya askari mmoja wa Troya, anamwendea mpiga mishale Pandarus na kumnong'oneza kwamba akimpiga Menelaus, mdogo wake Agamemnon, mwana wa mfalme Paris atampa zawadi nono. Mshairi anasema waziwazi kwamba Athena aliishawishi akili ya mpumbavu. Mshale unaruka, kiapo kinavunjika, damu inaanza upya. Katika kitabu cha 5 Pandarus anauawa vitani. Mkuki unampiga usoni na kumkata ulimi, na aliyeuongoza mkuki huo ni Athena. Yeye aliyemshawishi ndiye aliyemwua.

Hatuwezi kulisifu jambo hili, wala hatutajaribu kulipamba. Mtume Yakobo anatufundisha kwamba Mungu hamjaribu mtu yeyote, na kwamba kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe. Kati ya mafundisho hayo na Athena yule hakuna daraja. Hata hivyo tuangalie chambo kilichotumika. Athena hakuukaza upinde kwa mikono yake. Alitaja zawadi, alitaja sifa. Zawadi zisingemtikisa mtu asiyezitaka. Homer, ambaye hakumjua Yakobo, alikwisha kuona kwamba mnong'ono huingia pale ulipokuta mlango uko wazi.

Kuna kisa kingine, kigumu zaidi, nacho ni cha Helen, mke wa Menelaus aliyekwenda Troya na Paris, na ambaye kwa ajili yake watu walikuwa wakiuana. Katika kitabu cha 3, mzee Priam, mfalme wa Troya, anamwita aketi karibu naye juu ya ukuta wa mji, na kumwambia kwamba yeye hamlaumu. Anawalaumu miungu waliomletea vita hivyo. Ni neno la upole, tena latoka kwa mkwe ambaye wanawe wanakufa. Helen angeweza kulipokea na kupumzika. Halipokei. Anajiita kwa tusi la mbwa, anasema heri angalikufa kabla ya kumfuata Paris. Tazameni maajabu haya: aliyeumizwa anawataja miungu ili asamehe, na mwenye kosa anajitaja mwenyewe. Tungetamani kesi zote za nyumba zetu ziende hivyo, maana kwa kawaida ni kinyume chake.

Kabla kitabu hicho hakijaisha, mungu wa mapenzi Aphrodite anamjia Helen kwa sura ya bibi kizee msokota sufu, akimwita aende chumbani kwa Paris. Helen anamtambua chini ya sura ile, anakataa, tena kwa kejeli: anamwambia aende yeye mwenyewe akakae na Paris huyo. Aphrodite anakasirika na kumtishia kwamba atamgeuzia chuki na kumwachia maangamizi. Helen anaogopa. Anajifunika nguo yake na kwenda kimya, wanawake wa Troya wasimwone. Tumelileta jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ya wale miongoni mwenu mnaowasikiliza watu, makatekista na viongozi wa jumuiya. Si kila asemaye nililazimishwa anatafuta kichaka cha kujifichia. Wapo waliokwenda kimya, wamejifunika nguo zao, kwa kuwa mwenye nguvu alikwisha kuwatishia. Yeye ambaye hakutishwa na mtu, bali alinong'onezewa tu, asijiweke katika safu yao.

Miungu nao wana malalamiko yao. Odyssey inafunguka na Zeus akiwa barazani kwake Olympus, akimkumbuka Aegisthus, aliyekwisha kuuawa. Aegisthus alimchukua mke wa Agamemnon wakati mfalme yuko vitani, kisha akamwua mfalme aliporudi. Zeus analalamika kwamba wanadamu huwatupia miungu lawama zote, na kumbe wanajiongezea taabu kwa upumbavu wao wenyewe. Aegisthus alionywa: Hermes alitumwa kwake kumwambia asimwue mume na asimtake mke, kwa kuwa mwana wa marehemu, Orestes, angekuja kulipiza. Alisikia, na akafanya. Neno hili limo katika mlango wa utenzi, kabla shujaa mwenyewe hajatokea, na tuonavyo sisi halikuwekwa hapo bure. Baadaye mabaharia wa Odysseus watachinja ng'ombe wa mungu Jua baada ya kuonywa na kuapa. Ni kweli walikuwa na njaa, na kwa mwezi mzima upepo ulikuwa umewafungia kisiwani. Sisi tunawahurumia kuliko mshairi anavyowahurumia.

Lawama hiyo ya kutupia juu haikufa pamoja na Olympus. Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo yake jinsi, alipokuwa kijana, alivyopenda kuwaendea wanajimu. Hao walimfundisha kwamba chanzo cha dhambi kiko mbinguni, katika nyota: tendo ni la Zuhura, au la Zohali, au la Mirihi. Zuhura ya wanajimu hao Warumi waliiita Venus, nao Wagiriki Aphrodite. Mirihi ndiyo Mars, yaani Ares, mungu wa vita. Mahekalu yalikuwa yakifungwa, lakini miungu walipata kazi mpya katika falaki. Augustino aliona kwa nini mafundisho hayo yalikuwa matamu: yalimwacha mtu, mwenye mwili, damu na majivuno, bila hatia, na hatia wakamwekea Muumba wa mbingu na nyota. Hata Adamu bustanini hakumtaja Hawa peke yake. Alimkumbusha Mungu ni nani aliyempa mwanamke huyo.

Sasa turudi kambini, kwa Agamemnon, kwa sababu hatujamaliza naye. Achilles alikwisha kujitenga na vita kwa hasira, na Wagiriki walikufa kwa wingi. Katika kitabu cha 9, usiku, mioto ya adui ikionekana uwandani, mzee Nestor anamwambia mfalme ukweli mbele ya wazee wachache. Agamemnon anajibu bila kuzunguka: nimekosa, wala sikatai, niliifuata hasira yangu mbaya. Anataja mali atakayolipa. Achilles anaikataa. Kisha rafiki yake mpenzi Patroclus anauawa, na katika kitabu cha 19 Achilles anaita mkutano wa jeshi lote ili kuumaliza ugomvi. Hapo Agamemnon anasema kwa namna nyingine kabisa. Wa kulaumiwa, asema, si yeye. Ni Zeus, na Majaliwa, na Erinys, pepo wa kisasi atembeaye gizani. Hao ndio waliomtia upofu siku ile alipomnyang'anya Achilles. Upofu huo una jina: Ate, binti wa Zeus, mwenye miguu laini, asiyekanyaga ardhi bali hupita juu ya vichwa vya watu. Nasi tunasema "alinipitia"! Zeus mwenyewe, aendelea Agamemnon, aliwahi kupitiwa na Ate, akamkamata nywele na kumtupa chini kutoka mbinguni, na ndivyo alivyotufikia sisi.

Usiku, mbele ya wachache, mfalme alisema kosa ni langu. Mchana, mbele ya jeshi, akamtafuta wa kubeba naye. Tunamfahamu vizuri mtu huyu. Tungeweza kumcheka na kufunga kitabu, kama si sentensi inayofuata. Kwa kuwa nilipofuka, asema, na Zeus aliniondolea akili, niko tayari kutengeneza, na kutoa fidia isiyo na kipimo. Haya, tuyasome tena. Tungetazamia aseme kwamba kwa kuwa ni Zeus, basi hana deni. Anasema kwa kuwa ni Zeus, analipa. Kulitaja jina la mungu hakukupunguza hata kijiko kimoja katika deni. Odysseus, ambaye ni mtu wa mambo yaliyo wazi, anashikilia kwamba vitu visibaki ahadi: viletwe katikati ya mkutano, kila mtu avione kwa macho yake, na mfalme aape. Anaongeza kwamba si aibu kwa mfalme kumridhisha mtu aliyeanza yeye kumkosea. Ghala linafunguliwa. Vinatoka vyombo 7 vya miguu mitatu, masufuria 20 yang'aayo, farasi 12, talanta 10 za dhahabu, na wanawake 7 mafundi wa kazi za mikono. Wa nane ni Briseis.

Hapa ndipo Mgiriki huyu mpagani, mwenye majivuno na mwenye miungu wasiofaa kuigwa, anapotupita wengi wetu. Kwake yeye, "Zeus alinipitia" ilikuwa sentensi ya kufungulia ghala. Kwetu, mara nyingi, shetani akisha kutajwa baraza linakwisha, wazee wanakunywa chai, na fedha za kikundi hazionekani tena. Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakumtaja shetani wala serikali ya Kirumi iliyomwajiri. Alisimama akataja hesabu, mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Makatekista mnaowaandaa watu kwa Sakramenti ya Kitubio mnajua ni sehemu ipi ya somo ambayo wanafunzi huisahau kwanza. Kujuta wanakumbuka, kuungama wanakumbuka. Kurudisha kuku wa jirani hawakumbuki.

Lakini tusiondoke kambini upesi, maana tuliombana tuliweke akilini jina la Briseis. Ameletwa pamoja na masufuria na farasi, katika hesabu moja. Agamemnon ameapa, kwa dhabihu ya nguruwe dume, kwamba hakumgusa. Kiapo hicho kilikuwa cha kumridhisha Achilles. Kuna mtu aliyemgeukia mwanamke mwenyewe? Homer hamtaji. Anaingia hemani, anauona mwili wa Patroclus umekatwakatwa na shaba, anauangukia na kupiga yowe, na kwa mara ya kwanza katika utenzi wote tunaisikia sauti yake. Anasema aliona mume wake, aliyepewa na baba na mama, akiuawa mbele ya mji wao, na Achilles ndiye aliyemwua. Ndugu zake watatu walikufa siku ileile. Patroclus hakumruhusu alie. Alimwahidi kwamba atamfanya mke halali wa Achilles, na kwamba karamu ya arusi itafanyika nyumbani kwao, Phthia. Ndiyo sababu anamlilia sasa bila kukoma, kwa kuwa siku zote alikuwa mpole kwake.

Wanawake wengine wanaitikia kilio. Homer anasema walimlilia Patroclus kwa nje, na ndani kila mmoja alilia taabu zake mwenyewe. Muda mfupi baadaye Athena anashuka tena kutoka mbinguni, amebeba chakula cha miungu, na kwenda kukimimina kifuani mwa Achilles, ambaye kwa huzuni amekataa kula.